Beni ya Konde na Ubavu wa Wimbo

Sijui kusoma nota za muziki. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu na kuifuta mara mbili, kwa sababu tangu niliporudi Pemba na digrii yangu kutoka Kampala, miaka kumi na kitu iliyopita, sijapata kukiri mbele ya mtu wa Konde kwamba liko jambo lililoandikwa kwenye karatasi nisilolijua. Nimeletewa barua za mahakama, vikaratasi vya dawa, na mara moja maelekezo ya cherehani kwa Kijerumani. Yote niliyasoma. Cherehani ile hadi leo inashona kinyumenyume, na mwenyewe anaamini ndivyo zilivyo cherehani za Ujerumani.

Nyinyi masahibu mmeniuliza yaliyotupata Tanga, na kila mmoja wenu keshasikia hadithi yake. Yupo aliyeambiwa tulipigwa mawe, yupo aliyeambiwa tulishinda kombe. Hakuna hata moja lililotokea. Yaliyotokea ni haya, na sehemu kubwa ni kosa langu.

Kwanza mjue mambo yalivyokuwa. Kila mwaka beni za pwani hukutana Tanga kushindana. Kila beni hupiga wimbo wake iupendao, halafu hupiga wimbo wa mtihani, ambao ni mmoja kwa wote, na karatasi zake hutumwa miezi mitatu kabla. Beni ya Konde, ambayo kiongozi wake ni Mjomba wangu Faki, ilikwenda miaka miwili mfululizo ikapiga wimbo wake mara mbili, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusoma zile karatasi. Miaka yote miwili haikuhesabiwa. Na tarumbeta si zao. Ni za Bwana Seif, mfanyabiashara wa Wete, aliyewaazima kwa mapenzi yake, naye safari hii alisema neno moja tu: "Mwaka huno mkirudi hamkupiga wimbo wa mtihani, tarumbeta zangu zinahamia beni ya Wete."

Mjomba akaja kwangu na bunda nene la karatasi limefungwa kwa uzi, na juu ya fundo pametiwa lakiri nyekundu, muhuri wa nta. Ukurasa mmoja umewekwa juu, nje ya uzi.

"Rukia mwanangu, hino waiweza?"

Katika chuo cha ualimu nilifundishwa do-re-mi kwa muda wa muhula mmoja, na mwalimu aliyegonga meza kwa rula. Nota nazijua kama tulivyokijua Kiarabu cha msahafu tulipokuwa watoto chuoni: herufi twatamka, maana anayo shehe.

"Hii?" nikasema. "Hii nyepesi."

Ule ukurasa wa juu niliuchukua. Bunda lililobaki nililipima kwa mkono, nikakisia karatasi kama kumi na nane, na wapigaji wetu ni kumi na wanane. Basi ni nakala, nikajiambia, kila mtu na yake, na kwa kuwa hawajui kusoma, za nini? Sikuukata uzi.

Miezi mitatu nilihesabu mistari kwa vidole, nikawaimbia, nao wakaushika wimbo kwa masikio, maana masikio ya watu wale ni mazuri kuliko macho yangu. Wimbo wenyewe ulikuwa machi ya Kizungu, wimbo wa gwaride, iitwayo Kuaga Ngome, na nakiri ulikuwa wa ajabu. Kombo, mpigaji wa tarumbeta kubwa tunaloliita Ng'ombe kwa sauti yake, aliniambia, "Bi Rukia, wimbo huno wapanda ngazi kisha wakumbuka kitu wateremka. Juu hatufiki."

"Ndio muziki wa watu waliosoma," nikamjibu.

Katikati palikuwa na alama za kunyamaza, vipigo kumi na sita.

"Tunyamaze sote?" Mjomba akauliza.

"Sote."

"Na ngoma?"

"Karatasi imesema nyamaza, Mjomba."

Wakanyamaza. Lakini mtu wa beni hawezi kusimama kama mlingoti mbele ya watu, basi wakakijaza kimya kile kwa miguu: hatua nne mbele, kugeuka, hatua nne nyuma, na kukanyaga. Sikuwazuia, kwa sababu karatasi haikutaja miguu.

KONDE HADI WETE

Tuliondoka asubuhi kwa lori la abiria. Mimi na Bi Time, mke wa Mjomba, tulikaa mbele na dereva. Bi Time alikuja ili nisiwe mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na wanane, na pia, kama alivyosema mwenyewe, ili mtu mmoja katika msafara awe na akili. Alibeba kapu la mikate ya kumimina ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulisogelea kabla ya Wete.

Beni walikuwa nyuma, wamevaa sare nyeupe na mikanda myekundu ya kitambaa, wamekaa juu ya magunia na mikungu ya ndizi. Siku hizi ukivaa nguo zinazofanana na za jirani yako unaulizwa chama. Kila tuliposimama mtu aliuliza, "Beni hino ya chama gani?" na Mjomba akajibu kila mara, "Ya chama cha Konde."

Nusu ya njia tukakutana na jeneza.

Mnajua kwetu mambo yalivyo. Maiti akipita, mwanamume anateremka na kutia bega hatua chache, kisha anaendelea na safari yake. Dereva akazima gari. Wote kumi na wanane wakaruka chini. Mimi nikatoa kichwa dirishani.

"Mjomba, boti linaondoka saa sita!"

"Maiti hapitwi kama nguzo ya simu, Rukia."

Hatua chache zikawa safari nzima. Marehemu, tuliambiwa baadaye, alikuwa mzee mpole asiye na ndugu wengi, na waliombeba walikuwa sita, nao wamechoka. Watoto wake walipoona wanaume kumi na wanane wa sare nyeupe wanatokea barabarani na kuchukua jeneza kwa zamu, walilia kwa sauti. Walidhani ni serikali. Mmoja alikumbuka kwamba baba yake aliwahi kumwonyesha bwana shamba njia, akaona labda ndio shukurani zenyewe.

Sasa hebu waambie watu kama hao kwamba una haraka ya kwenda kupiga tarumbeta Tanga. Wakazika, wakasoma dua, wakarudi msibani, na msibani hakuna aliyekubali waondoke bila kula. Mimi na Bi Time tulikaa garini na tarumbeta saa tatu nzima. Bi Time alifungua kapu.

"Kula," akaniambia. "Wete hatufiki leo."

Tulifika, lakini boti lilikuwa limekwisha kuwa doa jeupe huko nje ya kisiwa cha Fundo, na ndani yake ilikuwa beni ya Wete.

WETE

Bwana Seif alitupokea vizuri mno, na mtu anayetaka kukunyang'anya kitu akikupokea vizuri, moyo hautulii. Alitulaza kwenye ghala lake, tukapumua karafuu hadi tukaota karafuu. Jioni alituletea sinia la halua na kahawa, akakaa nasi.

"Mzee Faki," akasema, "nakupenda, na kwa kuwa nakupenda nasema mbele ya watu wako. Miaka miwili nimechekwa sokoni. Huwaambia watu beni yangu imekwenda mtihanini, nao huniuliza imejibu swali gani. Mkiupiga wimbo ule hadi mwisho, hata mkiwa wa saba katika saba, tarumbeta zitakaa Konde hadi zioze. Msipoupiga, nampa Hamadi."

Hamadi ni kiongozi wa beni ya Wete.

"Tutaupiga," Mjomba akajibu.

Kisha Seif akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso kwa ukaya. Aliinuka akaenda kwenye santuri yake iliyokuwa pembeni mwa ghala, akatoa sahani nyeusi.

"Huno hapa wimbo wenyewe. Nimeagiza Unguja. Hamadi na wenzake wamekuwa wakija kila jioni, mimi nikidhani ni kahawa. Nikupigieni?"

Vichwa kumi na vinane viligeuka kunitazama. Kombo alikuwa na kipande cha halua karibu na mdomo, kikasimama hapohapo. Sahani moja, dakika tatu, na kila kitu kingejulikana tukiwa bado na siku tatu mkononi. Nikasema, kwa sauti niliyojifunza darasani:

"Aliyesoma kitabu hasikilizi uvumi."

Bwana Seif akakifunga kifuniko cha santuri taratibu. "Haya," akasema. "Elimu ni bahari." Halua ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kula, na sikuweza kuimaliza.

FUNDO

Kesho yake tulipata boti jingine la mashine. Lilikwenda vizuri muda wa kutosha kwa Bi Time kutapika mara mbili na kunilaumu mara mbili, halafu mashine ikakohoa ikafa. Nahodha aliifungua, akaitazama, akaifunga. Watu wa Fundo wakaja na vyombo vyao, wakatuvuta hadi kwao, na kijana wa mashine akarudishwa Wete kutafuta kifaa. Tukakaa siku nzima na usiku wake.

Fundo si pahala pa kulalamikia. Tulilishwa pweza wa nazi na muhogo, na wanawake walinikalisha wakaniuliza maswali ambayo wanawake wa Konde wameyachoka. Mume? Hakuna. Kwa nini? Nilikuwa nasoma. Mpaka lini? Bi Time akawaambia, "Bado hajafika ukurasa wa mume," wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Alasiri Mjomba aliwapanga watu wake uwanjani ili midomo isilale. Kijiji kizima kikaja. Walipiga wimbo wao wa nyumbani, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha wakapiga Kuaga Ngome.

Kando alikaa Mzee Makame, anasuka dema la kuvulia samaki. Ujanani aliwahi kuwa askari bara, katika beni ya askari, akapuliza miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Nikaona vidole vyake vimeacha ukuti, vinabonyeza hewa. Kimya cha vipigo kumi na sita kilipofika, na miguu ikafanya kazi yake juu ya mchanga, alitabasamu. Wimbo ulipokwisha akamwita Mjomba.

"Yakhe, mmepiga vizuri sana. Hakuna hata mmoja aliyekosea."

"Twashukuru, mzee."

"Sasa nyimbo yenyewe mmeiacha wapi?"

Mjomba hakufahamu. Mzee Makame akaeleza, kwa upole wa mtu anayemwambia mwenzake kwamba kanzu yake imechanika nyuma. "Katika beni kila mmoja ana karatasi yake. Yupo wa mbele, huyo ndiye mwenye nyimbo. Na wapo wa nyuma, wanaoshika mbavu nyimbo isianguke. Miye nilikuwa wa nyuma, naujua mwendo wake: hupanda kidogo, hushuka, hunyamaza kumwachia mwenziwe aseme. Mlichopiga hicho ni ubavu. Ubavu mtupu, watu kumi na wanane. Mwenye nyimbo hayupo."

Kila mtu akanitazama tena. Nilikuwa nimeanza kuzoea.

"Mzee Makame," nikasema, "hayo yalikuwa ya zamani. Muziki wa siku hizi umebadilika."

"Labda, Bi Mwalimu," akajibu. "Siku nyingi sijatoka Fundo." Akarudi kwenye dema lake.

Baada ya kula Mjomba alikuja akakaa karibu nami. Hakuwa na hasira, na ingalikuwa nafuu kama angalikuwa nayo.

"Rukia. Zile karatasi nyingine zasemaje?"

"Ni nakala, Mjomba. Zote moja."

"Umezitazama?"

Bunda lilikuwa ndani ya mkoba wangu, uzi wake na lakiri yake kama lilivyotoka Tanga. Mkoba huo alikuwa ameubeba yeye mwenyewe kutoka Wete.

"Nimezitazama," nikasema.

"Basi," Mjomba akasema, akainuka kwenda kuswali.

Mtaniuliza kwa nini sikulifungua usiku ule. Nimejiuliza pia. Nadhani niliogopa kuikuta ndani yake karatasi ya mwenye wimbo. Likiwa halijafunguliwa, nilikuwa mtu aliyekisia. Likifunguliwa, nitakuwa mwongo, tena mwongo mwenye digrii.

TANGA

Mashine ilipopona tulivuka usiku kucha, tukafika asubuhi ya mashindano yenyewe, tukatoka bandarini moja kwa moja hadi uwanjani, Ng'ombe begani kwa Kombo, na Bi Time nyuma akiwagawia watu chapati na maharage ya nazi aliyoyanunua njiani bila kusimama.

Beni nyingine sita zilikuwa zimetangulia. Tulipoingia, Wete walikuwa ndio wanaanza Kuaga Ngome, na hapo ndipo mimi, mfundishaji wa wimbo ule kwa miezi mitatu, nilipousikia kwa mara ya kwanza.

Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mwepesi, wa kuimbika, watu waliufuata kwa miluzi. Nilisubiri kupasikia pahala petu. Nikasubiri. Petu hapakutokea popote.

"Ah," akasema Kombo kando yangu, si kwa ubaya. "Kumbe juu hufikwa."

Hamadi alitoka uwanjani anajifuta jasho. "Bi Rukia, shikamoo. Ndio mwafika? Sisi karatasi zetu tumezisoma zote, moja baada ya moja. Na nyinyi?"

"Alhamdulillahi," nikamjibu, neno ambalo hujibu kila swali.

Nilimwendea Mjomba. Nilitaka kumwambia tusipande, tuseme tumeugua, tuseme mashine ya boti. Alikuwa anafunga mkanda wake mwekundu.

"Hatuna mwengine," akasema kabla sijafungua mdomo. "Tutapiga tunaoujua."

Wimbo wao wa nyumbani waliupiga vizuri, uwanja ukachangamka. Kisha wakaanza ule wa mtihani, na uwanja ukachanganyikiwa. Watu walitazamana. Wengine waliimba wimbo wenyewe juu ya upigaji wetu, wakidhani sisi tumepotea na wanatusaidia. Nyuma yangu mtu akasema, "Hawa wamekuja na nusu ya wimbo." Wengi wakacheka.

Halafu kikaja kimya. Tarumbeta kumi na nne chini, ngoma nne kimya, na miguu thelathini na sita juu ya ardhi ngumu ya Tanga: hatua nne, geuka, hatua nne, kanyaga. Kicheko kikakatika. Vipigo kumi na sita ni kitambo kifupi sana, lakini katika kitambo kile sikusikia hata mtoto analia, miguu tu. Walipopandisha tarumbeta tena kwa pamoja, bila ishara ya mtu, mwanamke mmoja alipiga kigelegele, akafuatwa na mwengine. Wakaumaliza ubavu hadi mwisho wake, wakasimama.

Mwamuzi alikuwa sajini mstaafu, mkuu wa beni ya askari enzi zake, mtu mrefu mwenye miwani. Alimwita Mjomba mbele ya watu wote.

"Hiki mlichopiga ni nini?"

"Ni wimbo wa mtihani, Bwana."

"Nani amewafundisha?"

Nilikuwa karibu. Nilifungua mdomo kabisa.

"Miye," Mjomba akasema.

Mjomba Faki, ambaye hata jina lake mwenyewe huliandika kwa kubahatisha. Sajini akamtazama, akanitazama mimi mwenye mkoba. Nikampa ule ukurasa wa juu. Ndicho kitu pekee nilichoweza kufanya. Akausoma, akautikisa kana kwamba kitadondoka kitu, akautia mfukoni.

"Konde siwahesabu wala siwafuti," akasema. "Nitachunguza. Jibu nitalitoa kwa simu, Posta ya Wete, Alhamisi saa nne asubuhi."

Kombe lilikwenda Pangani. Wete walikuwa wa pili.

KURUDI

Njia ya kurudi haikuwa na mashaka yoyote. Boti halikuharibika, bahari ilitulia, na hakuna aliyenilaumu. Nilingoja nilaumiwe kama mtu anavyongoja sindano ya daktari. Kombo alinipa nafasi yake kivulini. Bi Time alinimenyea machungwa, akayatoa hata mbegu, na mimi namjua: huwamenyea hivyo wagonjwa na waliofiwa. Wapigaji walisugua tarumbeta zao kwa majivu na ndimu safari nzima, mpaka zikang'aa kuliko siku walipozipokea, kama mtu anavyomwogesha mtoto wa watu kabla ya kumrudisha kwao.

POSTA YA WETE

Alhamisi saa nne Posta ya Wete haijapata kujaa vile. Mjomba alikuwapo, amefunga mkanda wake mwekundu, na Kombo na Ng'ombe wake, kwa kuwa alisema akinyang'anywa anyang'anywe mkononi. Bwana Seif alikuwapo amevaa koti. Hamadi naye alikuwapo, na vijana wawili wa kubebea. Mimi nilikuwa na mkoba.

Simu ya ng'ambo haipigwi kwa siri. Mstari unavuma, lazima upige kelele, na anayejibu anapiga kelele vilevile, hata anayenunua stempu anajua mambo yako. Kengele ikalia, karani akasikiliza, akasema, "Anamtaka aliyewafundisha Konde."

Mjomba akanyoosha mkono. Nikaupita nikachukua simu.

"Haloo!"

"Nani?"

"Rukia! Aliyewafundisha! Si Mzee Faki, ni mimi!"

"Bibi! Mlitumiwa bunda la karatasi! Ulizisoma zote?"

Jibu la kawaida lilikuwa tayari ulimini, kwa umri wake na uzoefu wake. Nilimwona Hamadi ananitazama. Nilimwona Mjomba anatazama sakafu, ili nisione kwamba anajua.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Nilisoma moja tu! Nyingine sikuzifungua! Nikasema nimezitazama na sikuzitazama! Na hiyo moja nilihesabu kwa vidole! Sijui kusoma nota!"

Posta yote ilinyamaza, na safari hii miguu haikusaidia.

"Hukuzifungua!" ile sauti ikasema. "Unazo hapo?"

"Ninazo!"

"Fungua!"

Karani akanipa mkasi. Lakiri ikavunjika ikaanguka mezani. Nilikuwa tayari kuikuta karatasi ya mwenye wimbo, imenisubiri tangu Konde.

"Nisomee maneno ya juu, kila moja!"

"Sauti ya tatu!" nikasoma. "Sauti ya tatu! Hii pia sauti ya tatu! Na hii!" Nikazifunua kumi na saba zote. "Bwana, zote ni sauti ya tatu!"

Kilichokuja katika mstari nilidhani ni mvumo wa bahari, kumbe ni sajini anacheka.

"Bibi, sikiliza! Beni zilikuwa saba na sauti ni saba! Karani wangu badala ya kuipa kila beni sauti zote saba, aliipa kila beni bunda la sauti moja! Sikulijua mpaka nilipouona ukurasa wako! Nimewauliza viongozi wote sita. Wote wameniapia kwamba karatasi zao zilikuwa kamili, na walizisoma moja baada ya moja!"

Nilirudia kila neno kwa sauti, maana Mjomba alinivuta mkono niseme. Nilipofika kwenye "moja baada ya moja" Hamadi aligeukia dirisha la stempu akaomba stempu, karani akamuuliza za wapi, akasema popote.

"Wamejifunza kwa santuri, wote!" sajini akaendelea. "Kombe siwezi kuwapa, bibi, kwa sababu mlichopiga si wimbo! Lakini mtihani ni karatasi, na waliopiga kilichoandikwa, alama kwa alama, hata kimya chake, ni Konde peke yao! Naandika: Konde wamepiga wimbo wa mtihani!"

"Amesema tumepiga," nikamwambia Mjomba.

Bwana Seif akamtazama Kombo aliyelikumbatia Ng'ombe kifuani, kisha akavaa kofia yake. "Hilo lina mbonyeo ubavuni," akasema. "Litengenezeni." Akatoka.

"Haloo! Bibi! Mzee Faki ana neno?"

Nikamgeukia. Mjomba akajifuta uso kwa ncha ya ule mkanda mwekundu.

"Mshukuru sana," akasema. "Na mwambie ubavu tumeumaliza. Mwakani atutumie kidari."

Nikavuta pumzi, nikamwambia, kwa sauti iliyofika sokoni.